Gasketi Haiungui Yenyewe

Mwaka 2019 niliuza gari huku nikijua ni bovu. Naanza na sentensi hiyo maana kwa muda mrefu nimekuwa nikiizunguka. Kila nilipowasimulia marafiki habari hii, nilianzia kwenye ufundi: themostati, kulanti, joto la Dar, mwenye gari wa kabla yangu. Nikifika mwisho wa maelezo, msikilizaji ameshachoka, na mimi nimeshajisafisha. Leo nataka kufanya kinyume. Kosa nimelisema. Sasa tuongee ufundi, halafu tuulizane swali lililonikaa kooni: mtu akizijua sababu zote za jambo kuharibika, je, sababu hizo zinampunguzia lawama?

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la michezo, la Kijapani, lenye tabo, na mlio ambao majirani waliujua kabla sijafika getini. Nililinunua mtumba kwa mtu ambaye naye alilinunua mtumba. Nililipenda kijinga, kama unavyopenda ukiwa na miaka ishirini na kitu na mshahara wa kwanza wa maana. Baada ya mwaka na nusu likaanza kunywa maji. Kila Jumamosi nikifungua rejeta, maji yamepungua, na chini ya gari hakuna hata tone. Asubuhi lilikuwa likitoa moshi mweupe ambao hauishi hata injini ikishapata moto.

Nikalipeleka kwa fundi wangu, mzee mmoja mwenye gereji chini ya mwembe. Akafungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya baridi, akaniambia niwashe. Tukasimama wote wawili tukitazama mapovu madogo madogo yakipanda kwenye maji, kama soda iliyofunguliwa sasa hivi.

"Mwanangu," akasema, "hiyo ni gasketi ya hedi. Moto wa silinda unaingia kwenye maji."

Nikamuuliza kwa nini imeungua, wakati gari silikimbizi sana. (Nilikuwa nalikimbiza sana.)

"Gasketi haiungui yenyewe," akajibu. "Kuna kitu kimeiunguza. Hicho ndicho cha kutafuta."

Kwa msomaji ambaye hajawahi kusimama chini ya mwembe wa aina ile, injini ina vipande viwili vikubwa. Chini kuna bloku, ambamo pistoni hupanda na kushuka. Juu kuna hedi, yenye valvu na plagi. Katikati yake kunakaa gasketi, bamba jembamba lenye matundu, ambalo ukiliona limetupwa kando ya gereji unaweza kudhani ni takataka. Kazi yake ni kutenganisha vitu vitatu visivyotakiwa kukutana: moto wa ndani ya silinda, ambao petroli ikilipuka hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi, maji ya kupooza, ambayo kwa kawaida huwa karibu na nyuzi 90, na oili ya kulainisha vyuma. Injini ya mipigo minne ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda inalipuka mara 50 kwa sekunde moja. Gasketi inavumilia hayo yote, na hakuna anayeikumbuka mpaka siku inaposhindwa.

Gari la michezo linaizidishia mzigo. Tabo kazi yake ni kusukuma hewa nyingi ndani ya silinda kuliko ambayo injini ingeivuta yenyewe, na hewa nyingi pamoja na petroli nyingi ni mlipuko mkubwa zaidi. Kila mlipuko unasukuma pistoni chini, lakini unaisukuma na hedi juu. Kinachoizuia hedi isinyanyuke ni bolti tu. Ukiongeza msukumo wa tabo kupita kiwango cha kiwanda, kama vijana wengi wanavyopenda, umeziongezea bolti zilezile kazi ambayo hazikuajiriwa kuifanya.

Halafu kuna joto. Aluminiamu hutanuka takriban mara mbili ya chuma cha kusubu kwa joto lilelile, na magari mengi yana hedi ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma. Kila ukiwasha na kuzima, vipande hivyo viwili vinasuguana kidogo sana, na gasketi iko katikati. Injini ikichemsha hata mara moja, hedi inaweza kupinda kwa kiasi ambacho jicho halioni, ila rula ya fundi inaona. Hapo hata ukiweka gasketi mpya, unaiweka kwenye kitanda kilichobonyea.

Kuna na ile fundi anayoiita kugonga: mchanganyiko wa hewa na petroli unalipuka ovyo kabla ya wakati wake, kwa sababu petroli ina okteni ndogo kuliko inayotakiwa, au mafuta ni haba na hewa ni nyingi, au joto limezidi. Mshindo wake unaipiga kingo ya gasketi kama nyundo. Na kuna uzembe wa kawaida kabisa: maji ya bomba badala ya kulanti, kutu ikajaa kwenye njia za maji; pampu ikachoka; themostati ikang'olewa; bolti za zamani zikarudishwa, au zikakazwa bila kufuata mpangilio.

Kwa hiyo mtu akisema gasketi imeua injini, mara nyingi amemkamata aliyekutwa kwenye tukio. Gasketi ni shahidi wa kwanza kufa.

Mfano ninaoupenda unatoka Uingereza. Mwaka 1995 Rover walitoa MGF, gari la wazi la viti viwili, injini ikiwa nyuma ya viti. Mwaka uliofuata Lotus wakatoa Elise, gari jepesi ajabu lililopewa jina la Elisa, mjukuu wa mwenyekiti wa kampuni wakati huo, Romano Artioli. Magari yote mawili yalitumia injini ya Rover K Series ya lita 1.8, na injini hiyo ikajipatia sifa mbaya ya kuunguza gasketi ya hedi. Kwa watu wengi habari inaishia hapo: gasketi mbovu, basi.

Ukiifungua habari vizuri, kuna mlolongo. Injini hiyo ilianza mwaka 1988 ikiwa ndogo, ya lita 1.1 na 1.4, na ilikuwa kazi nzuri sana ya uhandisi: nyepesi, yenye bolti ndefu zinazopita kutoka juu ya hedi hadi chini kabisa, zikiubana mwili wote wa injini kama mishikaki. Baadaye ikatanuliwa hadi lita 1.8, nafasi kati ya silinda ikapungua. Maji yake ya kupooza yalikuwa machache, hivyo ukipoteza kidogo umepoteza sehemu kubwa. Kwenye MGF rejeta ilikuwa mbele na injini nyuma, na maji yalisafiri kwenye mabomba marefu chini ya gari. Themostati ilikaa upande ambao maji huingia kwenye injini, hivyo ilipofunguka, maji baridi ya kwenye mabomba yale yaliipiga injini yenye moto. Pini za kushikilia hedi isisogee zilikuwa za plastiki. Na gasketi ya mwanzo ilikuwa na mkanda wa mpira ambao uliweza kubanduka. Dawa ilipopatikana haikuwa moja: pini za chuma, gasketi ya matabaka ya chuma, themostati kuhamishwa. MG Rover yenyewe ikafilisika mwaka 2005.

Nani wa kulaumiwa hapo? Aliyechora injini ndogo iliyo salama? Aliyeitanua? Aliyechagua plastiki? Mwenye gari aliyeona maji yanapungua akaongeza kikombe kimoja na kuendelea na safari? Ukigawa lawama kwa kila mkono uliogusa, kila mmoja anabaki na kipande kidogo sana, anakitia mfukoni na kwenda nyumbani kulala. Hicho ndicho kinachonitisha kuhusu sababu. Zinaeleza kila kitu, na kwa kueleza kila kitu zinaweza kumfanya kila mtu awe msafi.

Narudi kwenye gari langu. Mzee alilichunguza. Themostati haikuwepo, fundi fulani wa zamani aliing'oa kwa hoja maarufu ya huku kwetu kwamba nchi ina joto, themostati ya nini. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, kutu tupu. Mtu kabla yangu alikuwa ameongeza msukumo wa tabo. Na mimi, miezi minne nyuma, nilikuwa nimeliacha lichemshe kwenye foleni ya Ubungo kwa sababu nilikuwa nawahi mahojiano na niliona aibu kusimama katikati ya barabara.

Akanipigia hesabu: kushusha hedi, kuisawazisha kwa mashine, gasketi, bolti mpya, kulanti, themostati, ufundi. Karibu shilingi milioni mbili. Sikuwa nazo. Nilikuwa na mchumba, kodi ya nyumba, na mwajiri aliyekuwa akilipa mshahara akijisikia.

Mzee hakunishauri nifanye nilichofanya. Nilikwenda kwa mtu mwingine. Huyo akanitilia ile dawa ya kuziba inayouzwa kwenye kopo dogo. Unaimimina kwenye rejeta, inazunguka na maji, ikifika penye upenyo wenye moto inaganda. Mapovu yakapungua. Moshi ukaisha. Akaniambia, "Bro, hii ni ya kuuzia, siyo ya kutembelea." Nikacheka. Ile kauli ilikuwa na ukweli wote ndani yake, na mimi nikacheka.

Tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba ufa vizuri kabisa, ili ukuta aujenge mwingine.

Mnunuzi alikuwa kijana aliyeanza kazi mwaka ule, mpole, akiniita kaka kila baada ya maneno matatu. Alilizunguka gari mara mbili, akakaa kwenye kiti, akashika usukani, na nikauona uso wangu wa zamani. Akauliza, "Kaka, lina tatizo lolote?" Nikamjibu, "Gari la mtumba halikosi mambo madogo madogo, lakini nimelitunza." Pima jibu hilo. Hakuna neno hata moja la uongo. Akalipa milioni tisa na laki tano, hakuja na fundi.

Hapo kuna hoja ambayo nimeitumia kujitetea, na sitaki kuidharau kwa sababu watu wenye akili wameitetea. Cicero, katika kitabu chake kuhusu wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, anasimulia ubishi wa wanafalsafa wawili wa Kistoa juu ya mtu anayeuza nyumba yenye kasoro anazozijua yeye tu. Diogenes wa Babylon anasema: muuzaji hajamlazimisha mtu, mnunuzi ana macho na akili, kutosema si kudanganya. Antipater, aliyekuwa mwanafunzi wake, anabisha: kumwacha mtu aingie hasarani kwa kutojua ni sawa na kumwona aliyepotea njia ukanyamaza, tena ni kubaya zaidi, maana hapa unampoteza mwenzako huku ukijua. Cicero mwenyewe anaangukia upande wa Antipater. Anakubali kwamba si kila kunyamaza ni kuficha. Kuficha ni pale unapotaka, kwa faida yako, mwenzako asijue kitu unachokijua na ambacho kingemfaa kukijua.

Nilipoisoma hoja hiyo nilitikisa kichwa kukubali, kama unavyokubali hoja nzuri. Haikuniuma. Iliyoniuma ni simulizi nyingine, ambayo nimeisikia tangu utotoni bila kuisikiliza. Inasimuliwa kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alipita sokoni kwa muuza nafaka, akatia mkono ndani ya lundo, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye nafaka kulikoni. Yule bwana akajibu kwamba imenyeshewa na mvua.

Tazama jibu hilo. Ametoa sababu, na sababu yenyewe ni ya kweli. Mvua ilinyesha, nafaka ikalowa, yeye hakuileta mvua. Angekuwa mimi angeongeza habari za paa, za msimu, za aliyemkodisha ghala. Na Mtume habishani naye juu ya mvua hata kidogo. Anamuuliza tu kwa nini hakuiweka iliyolowa juu, watu waione.

Nadhani hapo ndipo swali langu lilipojibiwa, na jibu ni fupi kuliko nilivyotaka. Kulowa kuna sababu nyingi, na sababu hizo unaweza kuzigawa kwa mvua, kwa paa, kwa msimu. Kuweka ile iliyolowa chini na kavu juu kulifanywa na mikono miwili tu. Kuungua kwa gasketi kulikuwa na wahusika wengi: aliyeng'oa themostati, aliyeongeza msukumo wa tabo, aliyejaza maji ya bomba, mimi wa Ubungo. Kopo la dawa na lile jibu la "mambo madogo madogo" havikuwa na mhusika mwingine. Mlolongo wa sababu ulikuwa mrefu mpaka ulipofika kwa mtu anayejua na anayeweza kusema. Kwenye nafasi hiyo nilisimama peke yangu.

Kuna mtu atasema basi tumwache mjinga aliyeharibu, tumshike mwenye maarifa? Mbona kama tunawaadhibu wanaojua? Ni pingamizi la haki. Yule fundi aliyeng'oa themostati alifanya madhara makubwa kuliko yangu, na pengine analala usingizi mzito. Lakini nadhani maarifa ndivyo yalivyo. Ukishajua, unapata uwezo ambao asiyejua hana, uwezo wa kulizuia jambo kwa sentensi moja. Fundi yule asingeweza kumwonya kijana wangu. Mzee wa mwembeni hakumfahamu. Mimi nilikuwa naye, uso kwa uso, na aliniuliza.

Wiki ya sita simu ikalia, saa mbili usiku. "Kaka, samahani kukusumbua. Gari inachemsha, niko mbele kidogo ya Chalinze. Wewe ilikuwa ikifanya hivi ulikuwa unafanyaje?" Alikuwa akienda Morogoro kumwonyesha mama yake gari. Kwenye dashibodi, akasema, mshale ulikuwa katikati muda wote, halafu ghafla ukaruka juu. Ndivyo inavyokuwa mara nyingine: maji yakishaisha, kile kipima joto kinabaki kwenye mvuke na hewa, hakina maji ya kupima, kinakupa majibu ya kukutuliza mpaka umechelewa. Nikamwambia, zima injini, usifungue mfuniko. Akasema ameshafungua. Mkono umeungua, si sana.

Sentensi yake haikuwa na lawama hata chembe. Aliniomba ushauri kama mtu anayemwomba ushauri kaka yake.

Hedi ilipinda, bloku ikapata ufa. Alibadilisha injini, ya mtumba. Nilimtumia laki nane, nikaandika "pole sana mdogo wangu". Akanishukuru, akawaambia watu kwamba bado kuna watu waungwana mjini hapa. Nimewahi kutukanwa na kushtakiwa kwa habari nilizoandika. Hakuna tusi lililowahi kunikaa mwilini kama shukrani ile. Na mimi ni mwandishi wa habari, ninayeishi kwa kuwauliza wakubwa kwa nini walijua na hawakusema.

Ilinichukua miezi minane kumwambia. Tulikutana kwenye mgahawa, tukaagiza chai, nikamweleza: mzee wa mwembeni, mapovu, kopo, jibu langu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Nilikuwa hata nimejiandaa, naona aibu kukiri, na ule mlolongo wa sababu, endapo ingehitajika. Akakaa kimya akizungusha kikombe. Kovu la mkono lilikuwa limepauka.

"Sasa kaka," akasema, "kwa nini hukuniambia? Ningekuomba unipunguzie bei tu. Ile gari ningeinunua hivyo hivyo."

Nimeifikiria kauli hiyo kuliko Cicero na Antipater wote. Ina maana kwamba hata ile hesabu yangu ya shida, kwamba kusema ukweli kungenikosesha mnunuzi, haikuwa kweli. Ningepoteza milioni mbili, zilezile ambazo gari lilikuwa tayari limezipoteza, na yeye angeanza na injini iliyofunguliwa na kurekebishwa badala ya usiku wa Chalinze. Ukweli ulikuwa na bei, na bei hiyo ilikuwa imeshapigwa hesabu na mzee mmoja chini ya mwembe. Mimi niliona ni ghali, nikaenda kwenye kopo la bei rahisi.

Nilimlipa zilizobaki kwa awamu. Hatujawa marafiki, tunasalimiana. Mwaka jana niliuza pikipiki. Nikachukua karatasi, nikaorodhesha mambo saba, kuanzia cheni hadi taa ya nyuma inayozima ikipigwa na mvua, nikaibandika kwenye tanki la mafuta. Mnunuzi aliisoma mpaka mwisho, akaniangalia kama mtu asiye na akili timamu, akaomba apunguziwe laki moja. Nikampunguzia.